Televisheni ya sadaka ni mali ya nani? Tujifunze kwa kituo cha Portsmouth

Sisi tunaoishi ughaibuni tunaijua simu ile. Inapigwa Jumamosi jioni, mpigaji akitumaini kwamba hatujaingia zamu. Baada ya salamu, habari za wagonjwa, za msiba na za mvua, inakuja hoja yenyewe: mchungaji amepata maono ya kufungua televisheni. Mitambo imeshaonekana, kilichobaki ni kulipia masafa, na kila mtoto wa kanisa aliyeko nje anaombwa aahidi kiasi kidogo kila mwezi. Dola kumi tu. Walioko Uingereza, pauni kumi. Wengi wetu tunaahidi hapo hapo, kwa sababu ni ndugu anayeomba, ni kazi ya Mungu, na dola kumi si kitu cha kumfanya mtu akose usingizi.

Hatuandiki haya ili kumkataza mtu kutoa. Mkono utoao ndio upatao, na vituo vya dini vimewafariji wagonjwa na wazee wengi wasioweza kufika kanisani. Lakini tunadhani ni vyema, kabla ya kuahidi, tuitazame historia ya kituo kimoja cha Marekani kilichoanza na dola kumi hizo hizo. Ni historia ndefu, imefika mpaka Goma na Tshikapa, na Wakenya nao wameonja sehemu yake. Ndani yake mna swali ambalo sisi watoaji hatuna desturi ya kuliuliza: televisheni iliyojengwa kwa sadaka ni mali ya nani?

Tuanze mwanzo. Portsmouth ni mji wa bandari katika jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Norfolk, penye kambi kubwa ya jeshi la majini la Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1959 alifika huko kijana mmoja pamoja na mkewe na watoto, akiwa, kwa maelezo yake mwenyewe, na dola 70 mfukoni. Jina lake Pat Robertson. Hakuwa mtoto wa maskini: baba yake, A. Willis Robertson, alikuwa seneta wa Virginia katika Bunge la Marekani, na yeye mwenyewe alikuwa amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1955. Lakini mtihani wa uwakili ulimshinda, biashara haikumkalia vizuri, akaokoka na kwenda kusomea uchungaji mjini New York.

Kilichomleta Portsmouth ni kituo cha televisheni kilichokuwa kimekufa. Kilikuwa chaneli ya 27, katika masafa ya UHF, na hapo panahitaji maelezo kidogo. Wakati ule seti nyingi za Marekani zilikuwa na chaneli 2 mpaka 13 tu. Aliyetaka kuona chaneli ya 27 ilimbidi anunue kifaa cha ziada cha kunasia. Sheria iliyowalazimisha watengenezaji kuweka chaneli zote ndani ya seti ilipitishwa mwaka 1962 na kuanza kufanya kazi mwaka 1964. Kwa hiyo kituo cha UHF kilikuwa kama duka lililofunguliwa kwenye barabara isiyopitika. Wafanyabiashara walikuwa wakivikimbia vituo vya namna hiyo, na ndiyo maana mchungaji asiye na mtaji aliweza kukipata kimoja.

Mwezi Januari 1960 Robertson aliandikisha shirika lisilo la faida lililoitwa Christian Broadcasting Network, yaani CBN. Akaunti yake ya benki, inasimuliwa, ilifunguliwa kwa dola 3. Tarehe 1 Oktoba 1961 kituo kikaenda hewani kwa jina la WYAH, herufi zilizochukuliwa kutoka katika jina la Mungu, Yahwe. Studio ilikuwa duni, mitambo ilikuwa ikiharibika mara kwa mara, na watazamaji walikuwa wachache. Kinahesabiwa kuwa kituo cha kwanza cha televisheni nchini Marekani kuanzishwa mahsusi kwa ajili ya matangazo ya Kikristo.

Kilichokiokoa ni hesabu ya darasa la tatu. Mwaka 1963 bajeti ya kituo ilikuwa kama dola 7,000 kwa mwezi. Robertson akafanya harambee hewani, akiomba watu 700, kila mmoja aahidi dola 10 kila mwezi. Mia saba mara kumi ni elfu saba. Hapo ndipo lilipotoka jina la The 700 Club, ambalo kuanzia mwaka 1966 likawa jina la kipindi kinachojulikana leo hata Afrika Mashariki. Wengi wanaokitazama hawajui kwamba namba hiyo ni hesabu ya watu waliochangia umeme na mishahara ya kituo kidogo cha mjini.

Miongoni mwa waliofanya kazi hapo walikuwa vijana wawili, Jim Bakker na mkewe Tammy, walioanza na kipindi cha watoto cha vikaragosi. Bakker alikuwa na kipaji cha kulia mbele ya kamera na kuwafanya watu wapige simu, naye ndiye aliyekuwa mwendeshaji wa mwanzo wa The 700 Club. Mwaka 1972 waliondoka, na baadaye wakajenga himaya yao iliyoitwa PTL katika majimbo ya Carolina. Kilichowapata tutakigusa mbele.

Sasa tuje kwenye kupanda kwa thamani. Mwezi Aprili 1977 CBN ilianza kurusha matangazo yake kwa setilaiti, ikiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kufanya hivyo nchini Marekani. Makampuni ya televisheni ya nyaya yalikuwa yakitafuta chaneli za kujaza nafasi, na CBN ilikuwepo. Kuanzia mwaka 1981 chaneli hiyo ilijazwa filamu za zamani na michezo ya kifamilia, matangazo ya biashara yakaingia, na mahubiri yakapunguzwa. Mwishoni mwa muongo huo ilikuwa ikiitwa Family Channel na inaingia katika mamilioni ya nyumba. Kile kituo mama, WYAH, kiliuzwa mwaka 1989 na kubadilishwa jina kuwa WGNT, kikawa kituo cha kawaida cha biashara kama vingine.

Ndipo likaja jambo ambalo tungependa msomaji alisome taratibu. Faida ya Family Channel ilikuwa imekua kiasi kwamba ingeweza kuhatarisha msamaha wa kodi wa CBN, kwani sheria ya Marekani hairuhusu shirika la dini kugeuka duka. Kwa hiyo mwaka 1990 chaneli iliuzwa kwa kampuni mpya ya kibiashara, International Family Entertainment. Na kampuni hiyo iliongozwa na nani? Na Pat Robertson mwenyewe na mwanawe Tim, wakiwa na hisa zao pamoja na wawekezaji wengine. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilinunuliwa na kundi la Rupert Murdoch kwa takriban dola bilioni 1.9. Mwaka 2001 chaneli ikaenda kwa Disney, ikaitwa ABC Family, na tangu mwaka 2016 inaitwa Freeform.

Tuwe wakweli. Katika mauzo yale CBN ilipata fedha nyingi, na chuo alichokianzisha Robertson, ambacho leo kinaitwa Regent University, kilipata nyingi pia. Mkataba ulilazimisha The 700 Club kiendelee kuonyeshwa kwenye chaneli ile hata baada ya kubadilisha wenyewe. Hakuna mahakama iliyosema kwamba mauzo yale yalikuwa wizi. Yote yalipitia kwa mawakili na wahasibu.

Lakini swali letu liko pale pale. Kisheria, shirika lisilo la faida halina mwenyewe. Lina bodi inayolisimamia kwa niaba ya lengo lililoandikishwa. Katika mwaka 1990, kitu kisichokuwa na mwenyewe kiligeuzwa kuwa kitu chenye wenye hisa, na baina ya wenye hisa alikuwemo yule yule aliyeomba sadaka. Wale watu 700 wa mwaka 1963, na maelfu waliowafuata, hawakuitwa kwenye kikao, wala hawakuwa na haki ya kuitwa. Waliotoa dola kumi kila mwezi kwa miaka ishirini walikuwa wametoa dola 2,400 kila mmoja, na karatasi waliyobaki nayo ni barua ya shukrani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia kibaba kikishajaa kinashikwa na nani.

Kuna watakaosema: sadaka imetolewa kwa Mungu, na aliyetoa asiulize tena. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini hebu tuitazame ilivyofanya kazi mwaka 1994, mahali ambapo wasomaji wetu wengi wanapafahamu kwa macho yao.

Mwezi Julai mwaka ule, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu kiasi cha milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Kipindupindu kikaingia kambini, watu wakafa kwa makumi ya maelfu. Shirika la misaada la Robertson, Operation Blessing, lililoanzishwa mwaka 1978, lilipeleka madaktari na dawa. Kwenye The 700 Club watazamaji waliombwa wachange kwa ajili ya wakimbizi wale, na pia kwa ajili ya ndege za kusafirishia misaada. Waliitikia.

Wakati huo huo Robertson alikuwa na kampuni yake binafsi, African Development Company, iliyokuwa ikitafuta almasi upande wa Tshikapa, Kasai, mamia ya kilomita kutoka Goma, kwa ukaribu na utawala wa Mobutu Sese Seko. Mwaka 1997 gazeti la The Virginian-Pilot la Norfolk, yaani gazeti la mjini kwake mwenyewe, liliandika kwamba marubani waliorusha ndege za Operation Blessing walisema safari zao karibu zote zilikuwa za kupeleka mitambo ya kuchimbia almasi. Robertson alijibu kwamba ndege zile zilionekana hazifai kwa kazi ya misaada, na kwamba alikuwa amelirudishia shirika gharama zake.

Serikali ya jimbo la Virginia ilichunguza. Ripoti ya ofisi yake iliyohusika na kulinda walaji, iliyotoka mwaka 1999, ilisema kwamba umma ulishawishiwa kuchanga kwa maelezo ya kupotosha. Hata hivyo mwanasheria mkuu wa jimbo, Mark Earley, aliamua kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kufungua mashtaka. Magazeti yalikumbusha kwamba Robertson alikuwa mmoja wa waliochangia kampeni ya Earley ya mwaka 1997, dola 35,000. Biashara ya almasi nayo ilileta hasara ikafungwa.

Msomaji wa Kivu atatuelewa tunachosema. Picha za watoto wake wakifa kwa kipindupindu zilitumika kuombea fedha kwenye luninga ya Marekani. Mtoaji wa Ohio au Texas alitoa akiwa na uchungu wa kweli. Baina ya mtoaji huyo na mgonjwa wa Goma palikuwa na ndege, na hakuna kati yao wawili aliyekuwa na uwezo wa kuuliza ndege ile imebeba nini asubuhi hii. Waliojua ni marubani, na aliyeuliza ni mwandishi wa gazeti.

Wakenya nao wana kumbukumbu yao. Mwezi Oktoba 2014, wakati Ebola ilipokuwa Afrika Magharibi, mtazamaji aliyekuwa akipanga safari ya Kenya aliuliza kama kuna hatari. Robertson akajibu hewani kwamba Kenya haina Ebola, ila ajihadhari na UKIMWI, kwani hata taulo zinaweza kuwa nao. Wakenya walichachamaa kwenye mitandao, na CBN ikalazimika kukiri kuwa amekosea. Waliochachamaa walikuwa na haki. Lakini tukumbuke kwamba baina ya waliosema amina kwenye kipindi kile kwa miaka mingi walikuwemo na wa kwetu.

Vipi kuhusu Bakker? Kule Carolina aliuza uanachama wa maisha kwa dola 1,000, akiahidi kila mwanachama siku kadhaa za kulala kwenye hoteli ya kituo chake kila mwaka. Uanachama uliuzwa kwa watu wengi kuliko vyumba. Himaya ikaanguka mwaka 1987, na mwaka 1989 alikutwa na hatia ya makosa 24 ya ulaghai, akahukumiwa miaka 45, ambayo baadaye ilipunguzwa. Aliachiwa mwaka 1994. Tunamtaja ili tuonyeshe tofauti. Waliomwamini Bakker walikuwa na ahadi iliyoandikwa, wakaweza kuipeleka mahakamani. Mtoa sadaka wa kawaida hana ahadi yoyote mkononi. Ndiyo maana historia ya Portsmouth inatuhusu zaidi kuliko ya Carolina: sisi hatununui vyumba vya hoteli, sisi tunatoa.

Sasa turudi kwetu. Zamani kufungua televisheni Nairobi au Dar es Salaam lilikuwa jambo la wenye mitaji mikubwa, na vituo vya dini vilihesabika kwa vidole. Hali ikabadilika na mfumo wa dijitali. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikafuata mwaka 2015. Pale palipokuwa na nafasi ya chaneli moja sasa pakaenea chaneli kadhaa, na mwenye kituo hahitaji tena mnara wake mwenyewe. Anakodi nafasi kwa kampuni ya usambazaji. Baadaye ikaja YouTube, na sasa mwenye simu nzuri na taa mbili ana televisheni. Ni hali ile ile ya chaneli ya 27 ya mwaka 1961: mlango umekuwa rahisi, na wanaoingia wengi wao ni watu wa imani wasio na mtaji. Mtaji wao ni sisi.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo, na tunashauri kwa heshima.

Kwanza, tuulize leseni na akaunti vimeandikwa kwa jina la nani. Je, ni la bodi ya wadhamini ya kanisa, ambayo kwa Tanzania huandikishwa RITA, au ni la kampuni yenye wenye hisa? Kama ni kampuni, wenye hisa ni akina nani? Hili si swali la kumdhalilisha mchungaji. Ni swali ambalo jibu lake lipo kwenye karatasi, na mwenye karatasi safi haoni taabu kuitoa.

Pili, tuulize hesabu zinasomwa wapi. Kwenye sharika zetu nyingi mapato ya Jumapili husomwa mbele ya washarika, mpaka mayai na kuku wa mnada. Kwa nini kituo kinachokusanya kutoka Muscat, London na Minnesota kisisome hesabu kwa waliochanga? Hapa Marekani shirika la hisani la kawaida hutoa taarifa ya fedha kila mwaka ambayo mtu yeyote anaweza kuiona, lakini makanisa yamesamehewa. Basi tusidhani kwamba kwa kuwa huduma imeandikishwa Marekani, serikali inatuangalilia. Huenda haiangalii.

Tatu, harambee ya kitu maalumu iishie kwenye kitu hicho. Tukichangia mtambo, tuoneshwe mtambo. Tukichangia wagonjwa, asiwepo mwenye biashara yake kwenye ndege ile ile.

Nne, tuulize mwanzilishi akiondoka nani anabaki. Robertson aliuacha rasmi usukani wa The 700 Club tarehe 1 Oktoba 2021, miaka 60 kamili tangu siku ya kwanza ya WYAH, akampisha mwanawe Gordon, ambaye tayari alikuwa akiiongoza CBN. Alifariki mwezi Juni 2023 akiwa na miaka 93. Pengine Gordon ndiye aliyefaa kuliko wote, hatubishi. Lakini mtoaji ana haki ya kujua mapema kama anajenga kanisa au anajenga urithi wa nyumba ya mtu.

Tunajua wapo watakaotuandikia kwamba tunapanda shaka mahali pa imani. Tutawajibu hivi. Mtu wa Portsmouth aliyetoa dola kumi mwaka 1963 hakukosea. Kituo kilikuwa kidogo, shida ilikuwa ya kweli, na bila yeye taa zingezimwa. Kosa lilikuja baadaye, pale kituo kilipokua naye akaendelea kutoa bila kuuliza, kwa kudhani kuwa kuuliza ni kukosa imani. Mali bila daftari huisha bila habari, na msemo huo waliutunga watu waliomcha Mungu kama sisi.

Basi simu ile ikipigwa tena Jumamosi, tusiikate. Tusikilize habari za wagonjwa na za mvua, tumpe mchungaji salamu zetu, kisha tuulize kwa upole: leseni ina jina la nani? Akijibu vizuri, tuongeze dola kumi ziwe ishirini.